Dawati la Mama Karani: "Barua yangu imeitwa ya kitoto"

Barua tano za mwezi huu zinagusa jambo moja, kuandika kwa maneno mazito au mepesi, nikaona nizijibu kwa pamoja. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi za umma mkoani Dodoma tangu 1983 hadi nilipostaafu 2018. Sasa niko nyumbani Nkuhungu, na barua zenu nazisoma barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali.

*Shikamoo Mama. Nimemaliza chuo mwaka jana, natafuta kazi hapa Dodoma. Nimeandika barua ya kuomba kazi ya kutunza ghala. Kaka yangu ameisoma akasema ni ya kitoto, haina uzito, akaniandikia nyingine. Yake inaanza: "Mintarafu ya kichwa cha habari tajwa hapo juu, ninayo furaha isiyo kifani kuwasilisha kwako ombi langu adhimu." Yangu inaanza: "Naomba kazi ya kutunza ghala mliyoitangaza tarehe 3 mwezi huu." Nipeleke ipi?* — Binti wa Ipagala

Marahaba, mwanangu. Peleka yako.

Kaka yako alikutakia mema, usigombane naye. Ila mfikirie atakayeifungua hiyo barua. Ana rundo mezani, na anatafuta mambo matatu tu: unaomba kazi ipi, umewahi kufanya nini, na anakupataje. Sentensi yako ya kwanza imemjibu la kwanza. Ya kaka yako haijamjibu hata moja. "Mintarafu ya" maana yake ni "kuhusu". Na hicho kichwa cha habari kiko vidole viwili juu ya sentensi yenyewe. Mtu amekwisha kukisoma, hana haja ya kuambiwa kwamba kipo.

Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" nimeipiga chapa mara nyingi kuliko jina langu. Enzi zetu ilikuwa stensili, karatasi laini yenye nta ya kutolea nakala nyingi. Unagonga kila herufi kwa nguvu iliyo sawa ili itoboe. Ukikosea unapaka dawa ya kufutia, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga upya. Bosi akikuandikia maneno 40 mahali panapotosha maneno 12, yale 28 unayalipia wewe kwa vidole. Ndiko nilikojifunza kuliona neno lisilo na kazi.

Sasa njoo kwenye uzito anaoutaka kaka yako. Katika barua yake, mstari wa tisa, kuna maneno haya: "nimebahatika kujipatia uzoefu adhimu katika tasnia ya uhifadhi wa mazao." Lakini pembeni, uliponieleza mimi habari zako, umesema ulifanya fildi miezi 3 kwenye ghala la mahindi Kibaigwa, ukawa unapokea magunia, unapima unyevu wa mahindi na kuandika leja. Mwanangu, huo ndio uzito, na haumo katika barua yoyote kati ya hizo mbili! Anayeajiri mtunza ghala akisoma kwamba ulikuwa unapima unyevu, anajua una habari kwamba mahindi yasiyokauka yakifungiwa yanaota ukungu. Akisoma "tasnia ya uhifadhi wa mazao", hajui hata kama umewahi kuligusa gunia. Iandike Kibaigwa iwe sentensi yako ya pili, na mambo yale matatu uliyofanya uyataje kwa majina yake.

Heshima usiiache. "Naomba", "Ndugu", "tafadhali", "wako mtiifu", vyote vibaki mahali pake. Adabu ya Kiswahili mtoto wa miaka saba anaijua, na hakuifundishwa kwa kamusi.

*Mama, mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Kondoa. Kwenye bango langu niandike runinga au televisheni? Tarakilishi au kompyuta?* — Fundi, Kondoa

Andika wanavyosema wateja wanapokuletea kazi: TV, redio, kompyuta, simu. "Tarakilishi" wenzetu wa Kenya wameizoea, inawafaa. "Runinga" tunaisikia kwenye taarifa ya habari, wala si kosa. Ila bango lako linasomwa na mtu aliyepanda bodaboda, amepakata redio mbovu, na pikipiki haijasimama.

*Salaam Mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, tuko 24. Mwezi ujao tunapokea mgeni rasmi, nimepewa kazi ya kuandika risala. Wenzangu wanataka Kiswahili kizito ili tusidharauliwe. Nimekutumia kurasa 4 nilizoandika. Naomba uniongezee maneno.* — Katibu, Hombolo

Ndugu Katibu, kurasa zote 4 nimezisoma mara mbili, na nakuomba tupunguze.

Ukurasa wa kwanza mzima ni wa kukaribisha. "Kwa heshima na taadhima kuu tunapenda kuchukua fursa hii adhimu na ya kipekee", na kadhalika hadi chini. Wa pili ni historia ya kikundi. Shida yenu nimeikuta ukurasa wa 3, mistari ya mwisho, imefungwa hivi: "Aidha, kikundi kinakabiliwa na changamoto ya upotevu wa mazao baada ya mavuno kutokana na ukosefu wa miundombinu wezeshi ya uchakataji na uhakika wa soko."

Nilisimama hapo. Nikampigia simu rafiki yangu anayelima zabibu Makutupora, nikamsomea sentensi hiyo polepole. Akaniuliza, "Kwa hiyo wanataka nini?" Na huyo ni mkulima wa zabibu kama ninyi.

Nikarudi kwenye barua yako ndogo iliyotangulia risala. Mle hukuwa unamwandikia mkubwa yeyote, ulikuwa unanisimulia mimi. Umesema msimu uliopita wanunuzi walichelewa siku 9, zabibu zikaanza kupasuka na kujaa nyuki, mkamwaga karibu tani 3. Umesema mashine yenu ya kukamua ni ya kuzungusha kwa mkono, na mapipa ya kuhifadhia mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, ni 2 tu. Nilipofika kwenye nyuki niliweka barua chini kwa muda, kwa sababu niliiona hasara yenu kwa macho. Ndugu yangu, risala yenu ndiyo hiyo, tayari umeshaiandika.

Zabibu haimsubiri mtu. Hapa Dodoma tunavuna misimu 2 kwa mwaka, na kila msimu una siku zake chache ambazo tunda likizipita, mchuzi haufai. Mgeni rasmi akisikia siku 9, tani 3 na mapipa 2, anaweza kugeuka na kumuuliza ofisa aliyekaa kando yake swali la kweli. Akisikia "miundombinu wezeshi" ataitikia kwa kichwa, mtapiga makofi, na hakuna atakayekuwa ameshika kitu cha kuondoka nacho.

Ningeanza hivi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu Hombolo. Sisi ni wakulima 24 wa zabibu. Msimu uliopita tulimwaga karibu tani 3, kwa sababu wanunuzi walichelewa siku 9 na hatuna pa kuhifadhia mchuzi. Leo tunaomba mambo 2: mashine ya umeme ya kukamulia, na mapipa ya kuhifadhia mchuzi."

Halafu mtaje mlichokwisha kuchanga wenyewe, kwa shilingi kamili. Historia ya kikundi ije baadaye, nusu ukurasa unatosha.

Neno "changamoto" nakuomba ulitoe kabisa katika risala hii. Ndani yake mna kuchangamka. Lingefaa kwa jambo linalomwamsha mtu na kumtia ari. Sisi tumeligeuza gunia la kutilia kila kitu. Ukame ni changamoto, deni ni changamoto, mweka hazina aliyekula michango ni changamoto. Na jambo likishaitwa hivyo halina tena mwenye kulijibia. Andika ukame. Andika deni. Andika wanunuzi walichelewa.

Kuhusu kudharauliwa, hofu hiyo naijua, nimekua nayo. Mkulima akisimama mbele ya msafara wa magari anahisi ataonekana hakusoma, kwa hiyo anaazima maneno ya ofisini. Lakini katika mkutano huo mjuzi wa zabibu ni wewe. Unajua siku ya kupogoa, unajua rangi ya tunda lililo tayari, unajua harufu ya mchuzi unaoanza kuharibika. Ukisema kwa maneno ya shambani, uko kwako na mgeni ndiye anayejifunza. Ukisema kwa maneno ya ofisini, umemwachia kiti chako.

*Mama Karani, kwa heshima, sikubaliani nawe. Nafundisha Kiswahili sekondari. Mara zote unawaambia watu waandike maneno mepesi. Vijana wakikufuata, msamiati utabaki wa sokoni na lugha itakonda.* — Mwalimu, Manyoni

Mwalimu, nashukuru kwa kuniambia wazi. Hofu yako ni yangu pia, ila mimi namwona mwizi akiingilia mlango mwingine.

Mama yangu alikuwa akipika ugali wa uwele. Kabla ya ugali kulikuwa na kazi ya nusu siku: alikoboa kwenye kinu, akapepeta kwa ungo, akaanika, akasaga juu ya jiwe, akachekecha. Wakati mwingine hakusaga mpaka mwisho, aliparaza tu, ukabaki na chengachenga za kupikia uji. Kila tendo lina jina lake na mlio wake. Nikiwa nje nilikuwa najua amefika wapi. Miaka mingi baadaye nilipiga chapa ripoti ya mradi mmoja wa chakula, na kazi yote hiyo ilikuwa imeandikwa hivi: "mchakato wa uchakataji wa nafaka katika ngazi ya kaya." Vitenzi sita vimemezwa na maneno ambayo hayakuoni ukitoka jasho. Lugha ilikondea hapo, Mwalimu, si kwenye kinu cha mama.

Kwa hiyo ninaposema neno jepesi, sisemi maneno machache. Nasema neno ambalo mwenye jambo lake analitumia. "Kuparaza" huenda mwanafunzi wako wa Manyoni mjini hajawahi kulisikia, na nitafurahi ukimfundisha kesho asubuhi. Litampa kitu ambacho hakuwa nacho. "Mchakato" ukiwekwa mahali pasipouhitaji haumpi kitu, unamnyang'anya.

Wala sisemi tutupe maneno yenye asili ya kigeni. Barua, dawa, sahani na saa ni za Kiarabu. Meza na leso tulizipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Zote zimekwisha kuwa za nyumbani. Na zipo kazi ambazo neno la kitaalamu ndilo sahihi: hakimu lazima aseme "rufani", mpimaji wa ardhi lazima aseme "bikoni", lile jiwe la mpaka. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kusanifu istilahi za namna hiyo ni sehemu ya kazi yake; tunaihitaji. Ninachokikataa ni neno lililowekwa ili msomaji ajione mdogo.

Nikupe jambo nililoliona. Mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Mama alikuwa mmoja wao, kijijini kwetu wilaya ya Mpwapwa, chini ya mkuyu. Mimi nilikuwa na miaka 10, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Lile jina lenyewe ni maneno matatu ambayo bibi yangu, aliyezaliwa ndani ya Kigogo na kujifunza Kiswahili ukubwani, aliyaelewa mara moja. Walizungumza malaria, minyoo, kuhara damu, kichocho. Walizungumza choo na maji ya kunywa. Kiangazi kile baba alichimba choo cha kwanza nyumbani kwetu, akatumia siku nne kwa sababu ardhi yetu chini ni mwamba. Mtu hachimbi mwamba siku nne kwa jambo ambalo hakulielewa.

Wanafunzi wako, ukiridhia, kila mmoja amuulize bibi yake hatua zote za kupata unga wa mtama au za kukamua alizeti, aandike vitenzi alivyovisikia. Nitumie orodha hiyo, nitaichapisha hapa.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mtendaji wa kijiji, nina miezi 5 kazini. Nimeletewa tangazo kutoka wilayani nilibandike. Linahusu uthamini wa mashamba yatakayopitiwa na barabara. Wanakijiji wanalisoma kisha wanakuja kuniuliza maana yake. Je, naruhusiwa kuliandika upya kwa lugha nyepesi?* — Mtendaji

Marahaba, mwanangu. Hilo tangazo libandike lilivyo, usibadili hata nukta, maana lina sahihi ya mtu na mhuri. Kando yake bandika la kwako, uandike juu kabisa "Maelezo". Kabla ya kulibandika, mwonyeshe ofisa aliyekuletea la kwanza, ili asije kusema umepotosha. Lakini lazima uliandike, na usichelewe. Nitakwambia kwa nini nasema lazima.

Mjomba wangu, kaka wa mama, aliwahi kupata barua ya namna hiyo. Ofisi iliyoiandika siitaji. Barua ilisema ardhi yake "itahaulishwa", yaani umiliki wake utahamishwa, na kwamba "wafidiwa wote wajitokeze kwa ajili ya uhakiki wa taarifa za uthamini wa mali na maendelezo". Tarehe iliwekwa katikati ya aya ya tatu.

Mjomba alijua kusoma. Alijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na alijivunia. Aliisoma barua ile kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na kila herufi aliitamka sawasawa. Maana ndiyo haikuja. Akamuuliza jirani. Jirani akamwambia uhakiki ni mambo ya watumishi wa serikali, wanahakikiwa vyeti na mishahara, mkulima hahusiki. Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, maana ndivyo neno hilo lilivyokuwa likisikika redioni. Mjomba akaikunja barua, akaitia ndani ya Biblia.

Nilifika likizo wiki 3 baada ya tarehe ile kupita. Akanipa barua baada ya chakula, kwa upole tu, nimwambie ina habari gani. Nilipofika kwenye "maendelezo" mwili ulinisisimka. Nilijua kwamba neno lile ni kisima alichokichimba kwa mikono yake, na miembe yake 6 nyuma ya nyumba. Havikuwa vimeandikwa popote. Alilipwa ardhi na nyumba. Kisima na miembe havikulipwa, na kila tulikokwenda kuuliza tulionyeshwa barua na tarehe.

Neno lile nilikuwa nimelipiga chapa mimi mwenyewe, katika barua za watu wengine, miaka na miaka. Sikuwahi kujiuliza linamfikia nani.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama hapa nchini. Nilifurahi sana siku hiyo. Lakini wazee wengi wa huku kwetu Kiswahili ni lugha yao ya pili, baada ya Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Tukiondoa Kiingereza asichokijua mzee na kumwekea Kiswahili asichokijua, bado tumemwacha nje ya mlango na barua mkononi.

Basi andika hivi, urekebishe siku na mahali:

"Barabara itapita kwenye baadhi ya mashamba ya kijiji chetu. Wenye mashamba hayo watalipwa fidia. Fidia ni ya ardhi, nyumba, miti, mazao ya kudumu, kisima na kila ulichojenga. Jumatano tarehe 14, saa 3 asubuhi, njoo ofisi ya kijiji. Utaonyeshwa karatasi yenye orodha ya mali zako. Hesabu miti yako kabla ya kuja. Kama kuna kitu hakikuandikwa, sema siku hiyo hiyo. Mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea amwambie mwenyekiti wa kitongoji, tutamfuata nyumbani."

"Fidia" nimeiacha kwa sababu kila mtu anaijua. "Uthamini" na "uhakiki" nimeviondoa, mahali pake nikaweka mambo ambayo mtu atayaona na kuyafanya siku hiyo. Siku na saa ziandike kwa herufi kubwa, mstari wake peke yake.

Likishakauka wino, usilibandike bado. Nenda nalo pale wazee wanapokaa jioni, umchague mmoja asiyejua kusoma, umsomee mara moja tu. Kisha umuulize, "Babu, Jumatano utafanya nini?" Akikujibu kwamba kwanza atazunguka nyuma ya nyumba kuhesabu miembe yake, nenda kabandike.